Ama Iiname Meza, Ama Niiname Mimi

Muuza duka aliiweka juu ya kaunta taratibu kama anayelaza mtoto mchanga, akabonyeza kitufe kilichojificha chini ya sahani, na sahani ikalala upande. "Unaona, mama? Ukiwa na hii mgongo hauumi tena." Akaisukuma kwa kidole ikiwa vilevile imelala, ikazunguka polepole kama feni inayokaribia kuzima. Nikauliza bei. Laki moja na sitini na tano elfu. Nikamwambia nakuja, neno ambalo kila mwenye duka Kariakoo anajua maana yake, nikashika njia ya kituo cha daladala nikiwa na mfuko wa sukari ya unga na mawazo.

Kwa asiyeijua kazi yetu: meza ya kuzungushia keki ni sahani bapa iliyokaa juu ya mguu mfupi, katikati yake kuna beringi. Unaweka keki juu, mkono mmoja unazungusha, mwingine umeshika kisu cha krimu au skrepa. Keki ndiyo inayozunguka, wewe umesimama. Ya kawaida imetulia wima, haijui kingine. Ile niliyoonyeshwa ilikuwa na kiungo shingoni, inalala nyuzi 12 ukitaka, nyuzi 24 ukizidisha, kuja kwako au kwenda mbali nawe.

Mimi nilianza bila meza yoyote. Keki zangu za kwanza, za kuuzia majirani hapa Tabata, nilizipamba juu ya sinia lililowekwa juu ya sufuria iliyofunikwa kifudifudi. Sinia lilikuwa linazunguka, ila kwa mikwaruzo na kelele, na kila likikwama krimu inaacha kovu. Sikuona ajabu. Bibi yangu mzaa mama, kule Upare, alikuwa mfinyanzi na hakuwahi kuona gurudumu la kufinyangia. Alianzia chungu juu ya kigae, kipande cha chungu kilichovunjika, na kigae hicho alikizungusha kidogokidogo kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukipandisha udongo. Chungu kikiwa kikubwa hata kigae hakikufaa tena, aliinuka akakizunguka yeye, kinyumenyume, mgongo umekunjika, vidole haviondoki kwenye ukingo. Vyungu vyake vilikuwa duara kamili. Uzeeni mgongo wake haukunyooka.

Baada ya sinia nikanunua meza ya plastiki ya elfu kumi na nane. Ilinifaa kwa keki za kilo moja na kilo mbili, lakini nilipoanza kupewa za ghorofa ilikuwa inapinda katikati kama mkeka. Ndipo nikaenda Gerezani kwa fundi wa kuchomelea, nikamweleza ninachotaka. Hakuwahi kupamba keki maishani, lakini alinielewa haraka kuliko wauza maduka wote. Akachukua habu ya pikipiki iliyochoka upande mmoja, akabadilisha beringi, akachomelea bamba zito la chuma kuwa kitako, juu akafunga sahani ya alumini ya inchi 12. Elfu arobaini na tano pamoja na rangi. Meza hiyo ina uzito wa kuvunja kidole cha mguu, na ukiisukuma mara moja inazunguka mpaka unaisahau. Ninayo mpaka leo.

Sasa, kwa nini mtu mwenye meza kama hiyo akasimame Kariakoo akitamani nyingine?

Kwa sababu ya fasheni. Miaka ile niliyoanza, kila bibi harusi alitaka fondanti, keki nyororo kama yai, ua moja juu, basi. Ubavuni hakuna cha kufanya zaidi ya kulainisha. Baadaye, taratibu, wateja wakaanza kuniletea picha za keki za mtindo wa kizamani: za umbo la moyo, krimu imepandana pembeni kama pazia la sebule ya harusi, mapindo yananing'inia, chini ukingo wa makombe, juu ukingo mwingine, katikati mashada. Wao wanaona ni mtindo mpya. Wenyewe kwenye kazi wanaujua kwa jina la Joseph Lambeth, ambaye kitabu chake cha kufundisha upambaji huo kilitoka mwaka 1934. Ilichukua karibu miaka tisini kufika kwenye simu ya binti wa Kimara anayefanyiwa kitchen party.

Kazi hii yote iko ubavuni. Na ubavu wa keki, tofauti na uso wake, umesimama wima. Ukitaka kuning'iniza pindo la krimu lazima uone mahali linapoanzia na mahali linapoishia kwa wakati mmoja, na nozo yako, ile ncha ya mfuko wa krimu, iuelekee ubavu moja kwa moja. Ukiwa umesimama huwezi. Kwa hiyo unapinda magoti, unapinda kiuno, mwishowe unapindisha shingo kuangalia chini ya keki kama fundi anayetafuta mahali gari linapovuja oili. Fanya hivyo kwa saa mbili, halafu jaribu kusujudu. Mwezi wa kwanza wa hizo keki za mapazia nilikuwa nasali nimekaa kwenye kiti.

Shoga yangu mmoja wa Magomeni, naye mpambaji, ndiye aliyenitia maneno. Ana meza inayoinama, aliletewa na wifi yake kutoka Uingereza. "Shoga," akaniambia, "chagua. Ama iiname meza, ama uiname wewe." Nikacheka, lakini neno likaniingia. Nilipomsimulia ile bei ya Kariakoo akaniambia nisitoe hela kwa kitu nisichokijua, nichukue yake wiki mbili nikaijaribu. Mungu amzidishie. Wengi wetu tunanunua vifaa kwa kutazama video, na kwenye video hakuna kifaa kibaya.

Niseme kwanza uzuri wake, maana upo. Keki ya inchi 6 ya umbo la moyo, imetoka kwenye friji, imeganda vizuri. Nikailaza nyuzi 12 kwenda mbali nami, na ule ubavu uliokuwa ukinikimbia ukajiinua ukanitazama. Kuchora juu yake kukawa karibu sawa na kuandika kwenye daftari. Mkono haukutetemeka kwa sababu kiwiko kilipata pa kuegemea. Ukingo wa chini, ule unaokutana na bodi, ambao siku zote namalizia kwa kubahatisha, niliuona kombe kwa kombe. Nikaizungusha, ikabaki imelala upande uleule mbele yangu, huku keki ikinipitishia ubavu wake wote. Nilimaliza dakika ishirini kabla ya kawaida yangu, na mgongo haukusema kitu.

Siku ya tatu nikaona upande wa pili. Nilikuwa nalainisha keki ya kilo tatu. Kulainisha ni kazi ya kutulia: skrepa imesimama palepale, keki inazunguka, krimu inajinyoosha yenyewe. Meza ya shoga yangu ilikuwa, kama wasemavyo mafundi wa magari, na pleyi. Kile kiungo cha shingoni kinachoiwezesha kulala hakikukaza sawasawa hata ilipokuwa wima. Katikati huoni kitu. Ukingoni mwa sahani ule mchezo mdogo unakuwa mkubwa, na kila mzunguko skrepa inagusa zaidi upande mmoja na kukosa upande wa pili. Keki yangu ikatoka na mawimbi kama mchanga wa pwani maji yakishatoka. Nikaihamishia kwenye chuma changu cha Gerezani, mizunguko miwili, imekuwa kioo. Pale nikajifunza jambo ambalo hakuna muuza duka atakayekwambia: kila kiungo unachokiongeza kwenye kifaa ni mahali papya pa kulegea. Meza inayoinama huuzwa kama meza ya kawaida iliyoongezewa ufundi. Nionavyo mimi, kuna utulivu imeutoa kulipia ule ufundi, na utulivu ndio unaouhitaji kwenye kila keki, yenye mapazia na isiyo nayo.

Kisha ikaja Ijumaa ya send-off.

Ilikuwa Februari, na anayeijua Dar es Salaam ya Februari hahitaji maelezo. Umeme ulikuwa umekatika tangu saa nane mchana. Nilikuwa na keki ya inchi 10, ghorofa ya chini, vanila ya tabaka tatu na jemu ya stroberi katikati, kama kilo tano hivi pamoja na krimu. Ilipaswa kukaa kwenye friji saa tatu. Ilikaa saa moja na nusu, tena friji lenyewe limezima. Nilijiona mjanja. Nilitandika kitambaa kibichi chini ya bodi ili isiteleze, nikajaribu kuisukuma, haikusogea. Nikailaza nyuzi 24 kwa sababu ukingo wa chini ulikuwa mgumu kuuona. Nikachora pindo la kwanza, la pili, la tatu. Pindo la nne nikaona limepasuka juu. Nikadhani ni krimu. Nikalirudia, likapasuka tena palepale. Kumbe bodi haikusogea kweli, na tabaka la chini halikusogea; lililokuwa linasafiri ni tabaka la juu, juu ya jemu, polepole, bila kelele. Kufika pindo la saba upande mmoja wa keki ulikuwa umetoka nje ya bodi upana wa kidole gumba.

Mwanangu wa kidato cha tatu alikuwa amekaa kibarazani na daftari la fizikia, nikamwita anishikie. Aliitazama keki, akaitazama meza, akaniuliza, "Mama, umeilaza nyuzi ngapi?" Nikamwambia. Akaandika kitu. "Kwa nyuzi 24, kitu cha kilo 5 kinavutwa kuteremka kwa nguvu ya kama kilo 2. Kwa nyuzi 12 ni kama kilo 1." Nilitaka kumwambia aache hesabu ashike keki, lakini hesabu ile ndiyo iliyonifungua macho. Mimi nilikuwa nimezuia bodi isiteleze juu ya meza. Ndani ya keki kwenyewe, tabaka juu ya tabaka, kilichozuia ni jemu iliyopata joto. Hakuna mtu angelisukuma kwa makusudi tabaka la keki lililokaa juu ya jemu, na mimi nilifanya hivyo kwa dakika ishirini.

Tuliinyoosha. Tulichoma vijiti vinne vya mishikaki kutoka juu mpaka kwenye bodi, tukarudisha tabaka mahali pake kwa viganja, nikakwangua mapindo yote, nikaanza upya keki ikiwa wima na mimi nimepiga magoti sakafuni. Ilifika ukumbini saa moja kasoro usiku. Hakuna aliyejua, isipokuwa vijiti, na ilibidi nimpigie simu mama mlezi wa sherehe kumkumbusha avitoe kabla ya kulishana. Sherehe yenyewe ilikuwa ya Wachaga, na macho yote yalikuwa kwenye ndafu, mbuzi mzima aliyekaa na majani mdomoni, ambaye MC alimtambulisha kuwa ndiye keki yenyewe. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, sikuona wivu.

Nilirudisha meza ya watu Jumatatu. Nikamwambia shoga yangu ukweli wote, akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe yeye haiinamishi kamwe ikiwa na keki ya zaidi ya inchi 8, wala ya ghorofa, wala keki ambayo haijalala kwenye friji usiku kucha. "Sikukwambia?" Hakuniambia. Wenye vitu huwa wamezoea masharti ya vitu vyao mpaka hawayaoni.

Mgongo ukabaki. Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya kwanza: nikajiuliza ninainama kwa sababu gani. Nilimwomba mwanangu anipige picha nikiwa kazini bila kuniambia. Kwenye picha niliona mambo mawili. Moja, meza ninayofanyia kazi ni meza yetu ya kulia chakula, kimo chake sentimita 75, kimo kilichopangwa kwa mtu aliyekaa. Nimesimama mbele yake kwa miaka tisa. La pili liliniuma zaidi: uso wangu ulikuwa karibu uguse krimu. Nilikuwa nainama nione. Nina miaka arobaini na saba. Tatizo la nusu ya kuinama kwangu lilikuwa machoni.

Nilinunua miwani ya kusomea, elfu kumi. Miguu ya meza nikaipandisha kwenye matofali mpaka ikafika kwenye sentimita 92, na kitako cha chuma changu kikaongeza nyingine, katikati ya keki ikawa usawa wa kifua. Nikapamba keki ya mapazia bila kupiga magoti. Kilichobaki kunisumbua ni ukingo wa chini peke yake, na kwa hilo nilikwenda Keko kwa mafundi seremala nikaomba kabari ya mninga: urefu sentimita 30, mwanzo wake kama wembe, mwisho wake kimo cha sentimita 6. Fundi akadhani ni ya mlango. Elfu tatu. Nikiisukumiza chini ya kitako cha chuma changu, meza nzima inalala kama nyuzi 11.

Hapa kuna jambo dogo ambalo wengi wanalikosea. Kabari inakaa chini ya meza, siyo juu ya sahani chini ya bodi. Ukiiweka chini ya bodi, mlalo unazunguka pamoja na keki: sasa imelala kwako, nusu mzunguko baadaye inakulalia kinyume. Ukiiweka chini ya kitako, mhimili wote umelala, na keki inazunguka huku mlalo umebaki palepale mbele yako. Meza ya laki moja na sitini na tano haifanyi zaidi ya hapo, isipokuwa inafanya kwa kitufe.

Niliendelea kuiwaza hata hivyo, kwa hiyo nikachukua daftari la oda. Machi mpaka Mei: keki 38. Zilizopambwa ubavuni: 9. Nilikuwa nikitoza elfu kumi zaidi kwa upambaji huo, na hesabu ya haraka ilinishawishi: keki 17 na meza imejilipa, haifiki hata miezi sita. Nilikuwa nimeshavaa viatu niende Kariakoo. Kisha nikakaa. Ile elfu kumi tayari naipata. Naipata kwa mkono wangu na nozo zangu, meza iwepo isiwepo. Meza ingeniongezea nini? Dakika ishirini kwa kila keki. Keki tisa ni saa tatu. Saa tatu katika miezi mitatu, kwa laki moja na sitini na tano. Nikavua viatu.

Wanaokuja kwangu kujifunza huniuliza kama wanunue. Mwenye maumivu ya kweli ya bega au mkono, au anayepamba kwa aisingi ngumu ya ute wa yai, nyuzi nyembamba kama uzi wa kushonea, huyo namwambia anunue, na asinunue ya bei rahisi. Dukani aiweke wima, abonyeze ukingo wa sahani kwa dole gumba, kwanza upande huu kisha upande wa pili. Ikicheza, airudishe. Ailaze, kisha aiegemee kwa kiganja kwa uzito wa paketi mbili za unga. Ikijishusha yenyewe aachane nayo. Ainyanyue kitako: ikiwa nyepesi kama sahani ya plastiki, siku moja itapinduka. Na asiuze wala kugawa ya wima aliyonayo. Wengine wote nawapeleka kwa seremala.

Ila nisijifanye nimeshinda. Mwaka jana shoga yangu alihamia Dodoma kumfuata mumewe, akauza vitu, nami nikainunua ile meza yake, ileile yenye pleyi, kwa elfu sabini. Si kwa mapindo. Nilikuwa nimeanza kufundisha, mabinti watano jikoni, na waliosimama nyuma walikuwa wanaona kisogo changu tu. Nikiilaza kuelekea kwao wanaona uso mzima wa keki. Simu nayo inaona: tangu nianze kuilaza mbele ya kamera na kupandisha video kwenye stetasi ya WhatsApp, oda za keki za moyo zimeongezeka kuliko wakati wowote. Keki ndogo, zimeganda, nyuzi 12, basi. Nyuma yake, nje ya picha, kile chuma cha Gerezani kimekaa na keki ya kesho inayosubiri kulainishwa, na kabari ya mninga imeshikilia mlango wa jikoni usijifunge kwa upepo, kama fundi alivyodhani tangu mwanzo.